Kusoma Katekisimo na Mvi Kichwani

Mzee wa kanisa alikuwa na karatasi mkononi na kalamu sikioni. Tulikuwa tumeenda ofisini kuandikisha ubatizo wa mtoto wa shemeji yangu, nami nimeombwa niwe msimamizi. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, kipaimara ulipatia usharika gani?" akimaanisha ile ibada ya kuthibitisha imani ya aliyebatizwa. Nikaanza kukagua viatu vyangu.

Nilikuwa na miaka 46. Kwa miaka 15 nilikuwa nimekalia benchi la nne kutoka nyuma katika kanisa lile lile la Kilutheri huku Kimara, Dar es Salaam, na sikuwa nimebatizwa. Nililelewa na bibi yangu Msabato kule Mara. Wasabato hawabatizi watoto wachanga, na mimi nilikimbilia mjini kutafuta ufundi kabla sijafikishwa majini. Mke wangu ni mtoto wa Kilutheri wa Machame. Ndoa tulifungia bomani, na kwa utaratibu wa usharika wetu jambo hilo lilimweka naye mbali na Meza ya Bwana, ule mkate na divai ya ushirika. Miaka yote hiyo wenzake wakienda mbele yeye anabaki kwenye benchi pamoja nami, wala hakuwahi kunisema. Mimi nasimama wakisimama, naketi wakiketi, midomo inacheza. Kwa kuchezesha midomo nilikuwa nimefuzu.

Basi haya ni kwa mtu mzima wa namna yangu, anayeitikia kila Jumapili asichokijua. Nitasema ya KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kwa sababu ndiko nilikosomea. Mwanglikana, Mmoravian au Mkatoliki naye atapata pa kushika.

Nenda ofisini

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujifungia na simu. Aibu ile ilinipeleka YouTube wiki tatu mfululizo, na Biblia nikaifungulia Ufunuo, maana ndiko kuna wanyama wenye vichwa saba. Mwisho wa wiki ya tatu nilikuwa na maoni ya wahubiri wanne kuhusu 666, na Sala ya Bwana bado siwezi kuisema peke yangu bila kubebwa na sauti za watu.

Nenda ofisi ya usharika siku ya kazi. Usiende Jumapili baada ya ibada, mchungaji amezungukwa na watu kama kituo cha daladala. Sema tu, "Mchungaji, nataka kusoma." Utaulizwa kama umebatizwa, wapi, na ndoa yako ni ya namna gani. Jibu ukweli, hata kama umekaa hapo miaka na kila mtu anakuita mpendwa. Kama ulibatizwa utotoni kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, hata kama ni kanisa jingine, Walutheri hawakurudii. Watataka cheti. Kimepotea? Kanisa lililokubatiza lina rejista, nenda na majina ya wazazi na mwaka wa kukadiria. Mwenzetu mmoja alitafuta jina lake miezi miwili, kumbe aliandikwa kwa jina la babu yake.

Omba darasa la watu wazima. Watoto husoma kipaimara kama miaka miwili, na wana vichwa vya kukariri kama kasuku. Wewe una madeni, una ndoa, una wazazi wa kuzika, maswali yako si yao. Sisi tulikuwa saba, kila Jumatano saa kumi na moja jioni chini ya mwembe nyuma ya kanisa. Aliyetufundisha ni mwinjilisti, kijana ambaye mtaani ningemtuma soda. Yeye alituita baba na mama, sisi tukamwita mwalimu, na baada ya wiki mbili umri ukasahaulika.

Kati yetu alikuwapo bibi mmoja muuza mihogo, hajui kusoma wala kuandika. Nilimwonea huruma siku ya kwanza. Huruma hiyo ilikuwa ya haraka mno, nitaeleza.

Kitabu chembamba

Katekisimo Ndogo, kitabu cha kufundishia imani kwa maswali na majibu, inaingia mfuko wa ovaroli. Martin Luther aliiandika mwaka 1529, baada ya kuzungukia sharika za Saksonia na kukuta Wakristo wasiojua hata Sala ya Bwana, na wachungaji wasioweza kuwafundisha. Nilipoelezwa hivyo nilivuta pumzi. Kumbe kitabu kiliandikwa kwa ajili ya benchi la nne kutoka nyuma! Na yeye mwenyewe, daktari wa theolojia, aliandika kwamba bado ni mwanafunzi wa katekisimo na huisema kila siku kama mtoto.

Ndani kuna Amri Kumi, Imani (yale maneno ya kukiri tunachokiamini), Sala ya Bwana, Ubatizo, maungamo na Sakramenti ya Altare (ndiyo Meza ya Bwana), pamoja na sala fupi za asubuhi, jioni na mezani. Karibu kila kipande kinafuatwa na swali: maana yake nini? Hilo swali ndilo ufunguo. Ukilizoea humo utaanza kuliuliza kwa kila kitu unachotamka kanisani, na kuchezesha midomo kutaanza kukuwia vigumu.

Mimi nilifanya hivi. Kipande kimoja kwa siku, hata kama ni kifupi. Asubuhi nakisoma mara tatu kwa sauti, nafunga kitabu, nakisema kimoyomoyo ndani ya basi la mwendokasi mpaka Ubungo. Jioni nafungua daftari na kuandika maana yake kwa maneno yangu ya gereji, bila kuchungulia. Nisichokielewa nakiandika kurasa za nyuma kabisa, daftari nimeligeuza. Usiruke siku halafu ukajaribu kulipa vipande vitano Jumanne usiku. Nilijaribu. Jumatano nilijibu swali la Ubatizo kwa maneno ya Imani.

Yule bibi hakuwa na daftari. Mjukuu wake alimsomea kipande jioni mara tatu, naye akakirudia asubuhi akimenya mihogo, ganda moja mstari mmoja. Siku ya kuulizwa mbele ya wazee wa kanisa, sisi wenye madaftari tulikwama huku na kule, yeye akatiririka kuanzia amri ya kwanza mpaka amina. Kwa hiyo kama husomi, usikae nyumbani. Tafuta mtu wa kukusomea, au arekodi sauti kwenye simu.

Amri, na hesabu yake

Siku ya kwanza mwalimu aliuliza, "Amri ya nne?" Nikarusha mkono: "Ikumbuke siku ya Sabato uitakase!" Bibi yangu alinipigilia hiyo kila Ijumaa jua likizama. Mwalimu akatabasamu. "Hiyo ni ya tatu, baba. Ya nne ni kuwaheshimu baba na mama." Nikadhani ananionea.

Ukifungua Kutoka 20 hutakuta namba ya amri. Kwamba maneno ni kumi inasemwa kwingine, Kutoka 34:28, na makanisa yamehesabu kila moja kwa namna yake. Walutheri na Wakatoliki wanaiunganisha amri ya miungu mingine na ile ya sanamu, kisha mwishoni wanagawa kutamani kuwa mbili. Wasabato, Waanglikana, Wapresbiteri na Waorthodoksi wanaifanya ya sanamu kuwa ya pili. Maneno ni yale yale. Kwa hiyo mtu akikwambia ameangushwa na amri ya sita, muulize kwanza anahesabu ya wapi: kwetu ni usizini, kwa bibi yangu ni usiue.

Sasa ya saba yetu. Usiibe. Niliona nimeivuka salama, maana sijavunja mlango wa mtu maishani mwangu. Nikasoma maelezo yake: tusichukue fedha wala mali ya jirani, wala tusiipate kwa bidhaa mbovu au biashara ya ujanja, bali tumsaidie kuilinda mali yake na riziki yake.

Mimi ni fundi wa friji. Friji ikiletwa haipozi, mara nyingi shida ni rilei, kile kidude kidogo ubavuni mwa kompresa, bei yake kama chakula cha mchana. Mteja hajui. Ukimwambia, "Kompresa imekufa, mama," anakubali, kwa sababu nyumbani ameacha ndoo ya samaki wanaoyeyuka. Unamtoza kompresa, unafunga rilei, na kompresa ile ile ya zamani unaipaka rangi nyeusi ing'ae kama mpya. Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja. Siku ninasoma mstari ule nilikuwa gereji, na kazi ya namna hiyo ilikuwa mezani mbele yangu, rangi haijakauka.

Nilifunga kitabu. Nikafungua tena. Jioni nikampigia mteja simu kwamba bei imeshuka sana. Akauliza kwa nini, nikasema nilikosea kupima. Jumatano nikamsimulia mwalimu kwa fahari kidogo, naye akacheka mpaka akashika shina la mwembe. "Baba, hapo umeihama ya saba ukaingia ya nane, usishuhudie uongo." Nikampigia yule mama mara ya pili.

Ndiyo maana nasema kila amri ipeleke kazini kwako kabla hujaipeleka kwa mwalimu. Muuza duka aisome mbele ya mizani yake, dereva mbele ya trafiki.

Maneno yanayofanana na ya mtaani

Kiswahili cha kanisa kinamponza mtu mzima kwa sababu anadhani anakijua. Neno geni kama sakramenti utaliuliza. Neno la kila siku utalipita.

Haki ndilo lililonisumbua zaidi. Mtaani haki ni yangu, naidai, nanyimwa. Sasa Warumi 3:28 inasema "mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria." Nilisoma hiyo kama mtu anayesoma hukumu ya mahakama ya Kisutu. Mwalimu akanipa tafsiri ya Habari Njema, ambayo hapo inazungumzia kukubaliwa kuwa mwadilifu, ndipo nikaona: si mimi ninayedai, ni Mungu anayenihesabia. Na mfano wake akanipeleka Mwanzo 15:6, Abrahamu aliamini, ikahesabiwa kwake kuwa haki. Hapo ndipo Ulutheri wote umesimama, na mimi nilikuwa nimelipita lile neno miaka 15.

Mwili ni jingine. Wagalatia 5 inaorodhesha matendo ya mwili, uasherati, husuda, ulevi, halafu kwenye Imani tunakiri ufufuo wa mwili. Niliuliza: kwa nini kifufuliwe kitu kibaya hivyo? Kumbe Paulo pale anasema juu ya mtu mzima mzima, mawazo na tamaa zake, anapoishi kinyume na Mungu. Husuda haifanywi kwa mkono wala mguu. Viungo vyenyewe Mungu aliviumba na kuviita vyema. Na kumcha Mungu, linalorudiwa kwenye maelezo ya amri, ni kumheshimu kwa hofu. Mwanangu wa darasa la tatu alidhani linahusu kucha za vidole, nami sikumcheka.

Halafu riziki. Biblia ya Muungano, ile ya 1952 ambayo wengi tunayo, Mathayo 6:11 inasema "Utupe leo riziki yetu". Kwingine utasikia mkate wetu wa kila siku. Luther anauliza mkate huo ni nini, kisha anaanza kuhesabu: chakula, nguo, viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, mwenzi mwema, watoto wema, serikali njema, hali ya hewa nzuri, amani, afya, marafiki, majirani waaminifu. Viatu! Tangu siku hiyo nikiomba sala hiyo naweka kitu kimoja cha wiki hii: umeme usikatike, mvua isiingie gereji, jirani apunguze spika.

Liturgia na Biblia

Usisome liturgia kama ratiba ya kusimama na kukaa. Chukua kitabu cha nyimbo, fungua kurasa za ibada, na penseli. Kila kiitikio kitafutie kilipotoka. "Utukufu kwa Mungu juu" ni malaika wa Luka 2:14. "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu" ni Isaya 6:3. "Mwana-Kondoo wa Mungu" ni maneno ya Yohana Mbatizaji, Yohana 1:29. Baraka ya mwisho anayoinulia mchungaji mikono ni Hesabu 6:24-26, ile aliyopewa Haruni. Kazi hii ilinichukua Jumapili nne, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Kumbe muda wote nilikuwa naimba Biblia.

Rangi za madhabahu zina maana yake pia: zambarau Majilio (majuma ya kuelekea Krismasi) na Kwaresima, nyeupe Krismasi na Pasaka, nyekundu Pentekoste, kijani muda mrefu uliobaki. Na ukihesabu Kwaresima ukapata siku 46, hujakosea. Jumapili hazimo kwenye zile 40.

Kusoma Biblia anza na Marko, sura 16 tu, jioni mbili zinatosha. Kisha Luka na Matendo kwa mfululizo, maana mwandishi ni mmoja na anamwandikia Theofilo yule yule. Rudi Mwanzo, nenda mpaka Kutoka 20. Zaburi moja kila asubuhi. Warumi usome na mtu. Ufunuo utakuwepo tu, haukimbii.

Jumuiya

Darasani utajua, kwenye jumuiya ndiko utatoka jasho. Yetu hukutana Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba, na usiku wa kuamkia zamu yako utapiga deki mpaka nyuma ya kabati. Shida yangu ilikuwa kuombeshwa. Kiongozi akisema, "Baba fulani atatuombea," mimi koo linafunga. Dawa niliyopewa: shukuru kwa kitu kimoja, omba kitu kimoja, taja mgonjwa mmoja, sema kwa jina la Yesu, amina. Sekunde thelathini. Usiige yule mwenye sauti ya kutetemesha mabati, amefanya hivyo miaka ishirini.

Sadaka nayo ina mafunzo yake. Utapewa bahasha za ahadi zenye namba yako. Andika kiasi unachokiweza mwezi mbaya, usiandike cha mwezi mzuri. Na baada ya ibada usikimbie mnada. Mtu ameleta kuku, mkungu wa ndizi au trei ya mayai kwa sababu hana fedha taslimu, na mnada ndio unaoigeuza sadaka yake kuwa fedha. Mimi niliwahi kununua malenge moja kwa bei ya malenge manne, na kila mtu akapiga makofi. Nyumbani hawakupiga.

Tulibatizwa na kupewa kipaimara Jumapili ya Pentekoste, nguo ya madhabahu nyekundu, bibi wa mihogo mbele yetu sote. Ndoa ikabarikiwa siku hiyo hiyo. Kuhusu Meza yenyewe, kwa anayeogopa kukosea: fuata mstari, piga magoti penye nafasi, pokea, itikia amina, inuka wengine wakiinuka. Huhitaji kujua zaidi ya "huu ndio mwili wangu" na kwamba umetolewa kwa ajili yako. Katekisimo inasema anayeamini maneno hayo ndiye aliye tayari. Mke wangu alipiga magoti kushoto kwangu. Nilikuwa nimejitanua nikachukua nafasi ya watu wawili, akanivuta shati nisogee.

Daftari ninalo bado. Kurasa za nyuma zina maswali 41, na 29 nimeyakata kwa mstari, yamepata majibu. La sasa ni yale maneno ya Imani kwamba Kristo alishuka kuzimu. Mwalimu alinipa 1 Petro 3:19, nimeisoma mara tano na imenizalia maswali mengine mawili. Mchungaji amesema nije Alhamisi saa kumi, na simu niiache gereji.